Gari la raha si dhambi, mradi una hela ya fundi

Mwambie mtu yeyote Nairobi kwamba umeweka pesa kidogo kando na unatafuta gari lako la kwanza. Jibu litakuja kabla hujamaliza: nunua Toyota. Mjomba atasema hivyo. Dereva wa teksi atasema hivyo. Hata soja wa geti atasema hivyo, na huyo huwezi kumpuuza maana ndiye huona gari la nani linarudi usiku likivutwa kwa kamba.

Sasa jaribu kusema umeona Subaru Impreza safi, au Golf, au Mazda yenye gia za mkono. Utaangaliwa kama mtu aliyetangaza kwamba anaacha kazi akacheze kamari. "Utalala kwa fundi." "Spea utatoa wapi?" "Na hiyo ukichoka utamuuzia nani?" Wasee wengi huishia kutoka kwa yadi na gari ambalo hawakulitaka, wamelichagua kwa sababu halitawaaibisha.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo mawaidha ya "shika kitu cha uhakika" nimeyasikia mpaka nimeyakariri. Yana ukweli ndani yake, ila hayamalizi hesabu. Msimamo wangu ni huu: raha ya kuendesha ni sababu halali ya kuchagua gari. Lakini raha hiyo ina bei, na bei yenyewe hulipwa mapema, kabla gari halijaharibika. Kama unaweza kuilipa, waache waongee. Kama huwezi, ngoja.

Tuanze na woga wenyewe, kwa sababu haukutoka hewani. Kwa familia nyingi za Kenya gari ndilo kitu cha bei ghali zaidi watakachonunua baada ya shamba au nyumba. Wengi wetu tunanunua lililotumika, na ukishanunua kwa mtu, umiliki ukishahamishwa kwenye mfumo wa NTSA, shida zote ni zako. Gari likizima karibu na Salgaa saa nne usiku, aliyekuuzia hatakuja na tochi. Utalipa gari la kuvuta, utalipa fundi, utalipa spea, na kazini utaulizwa ulikuwa wapi.

Toyota pia haikupewa jina lake bure. Enjini ya 1NZ iliyo kwenye Probox, Fielder na Vitz za lita 1.5 inajulikana na mafundi wa Grogan kama wanavyojua nambari zao za simu. Ukikwama Lodwar au Garissa, utapata mtu aliyewahi kuifungua. Spea zake ziko kila mahali na ukitaka kuliuza halikai wiki nyingi. Hizo ni faida za kweli, na atakayekuambia ni ushamba anakudanganya.

Lakini gari si friji. Friji unataka ligandishe nyama na ulisahau. Gari unakaa ndani yake. Anayetoka Kitengela au Ruiru kila asubuhi huenda anakaa kwa gari muda mrefu kuliko anaokaa mezani na familia yake. Si ajabu akitaka muda huo uwe na ladha.

Na kwa nchi hii, ladha haikosekani. Kuna Barabara ya Magadi ukipita Kiserian, ufike Kona Baridi na Bonde la Ufa lifunguke mbele yako. Kuna mteremko wa kutoka Iten kupitia Tambach kwenda Bonde la Kerio, kona juu ya kona. Kuna ile barabara ya zamani ya Mai Mahiu, iliyojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kanisa lao dogo bado liko pale kando ya lami. Katika barabara kama hizi gari zuri huongea na wewe. Usukani unakuambia tairi linahisi nini. Unashusha gia, enjini inaitika, unaingia kona na kutoka ukiwa umetabasamu bila kujua. Na hiyo raha haihitaji mbio. Inapatikana kwa kilomita 60 kwa saa.

Tena sisi tumekulia ndani ya utamaduni huo. Safari Rally ilianza 1953. Mwaka wa 1994 Ian Duncan aliishinda na Patrick Njiru akamaliza wa nne akiwa na Subaru Impreza, wote Wakenya. Mwaka wa 1997 Colin McRae akashinda na Impreza ile ile ya buluu ambayo mpaka leo iko kwa stika za magari mtaani. Mashindano yaliporudi kwenye kalenda ya dunia 2021, tangu yatolewe baada ya 2002, Naivasha ilifurika watu. Huwezi kulea watoto katika vumbi hilo halafu ushangae wakikua wanataka kitu kinachonguruma.

Sasa hapa ndipo wapenda raha husimama wakisema, "Umeona?" Ngojeni. Safari yenyewe inafundisha kitu kingine. Mwaka wa 1963 magari saba pekee ndiyo yaliyomaliza. Mwaka wa 1968, vilevile saba. Na mara zote mbili lililoshinda lilikuwa Peugeot 404.

Soma hiyo tena. Peugeot. Leo ukitaja Peugeot kwa base ya mafundi utachekwa. Lakini 404 ilishinda Safari mara nne katika miaka ya sitini, na mrithi wake, 504, akaongeza ushindi wa 1975 na 1978. Magari ya 504 yaliunganishwa humu humu nchini kwa miaka mingi na ndiyo yaliyobeba wazazi wetu kwenda ocha, wamebanana kama njugu kwenye ganda. Waulize wazee. Watakuambia hilo ndilo lilikuwa gari.

Ni nini kilibadilika basi? Wafaransa hawakusahau kutengeneza magari. Kilichobadilika ni kwamba spea zilipungua, mafundi walioyajua wakazeeka, na magari yaliyotumika kutoka Japan yakajaa. Ndiyo kusema kuaminika kwa gari hakukai kwenye nembo peke yake. Nusu yake iko nje ya gari: kuna nani wa kulitengeneza, spea ziko wapi, na mwenyewe analitunza vipi.

Nusu iliyobaki, iliyo ndani ya gari, nayo haiendi kwa jina la kampuni. Inaenda kwa enjini fulani, gia fulani, mwaka fulani. Enjini za Subaru za EJ25 za miaka ya mwisho ya tisini na mwanzo wa elfu mbili zilipata sifa mbaya kwa gasketi ya silinda kuvuja. Hilo ni kweli. Lakini watu hulitumia kuhukumu kila Subaru, hata zile za enjini ya FB iliyoanza 2010, ambayo ni muundo mwingine na inatumia cheni badala ya belti. Nazo baadhi ya FB za mwanzo zilikuwa na shida yao ya kunywa oili. Shida mbili tofauti kabisa, na pesa mbili tofauti kabisa.

Volkswagen vilevile. Mwaka wa 2013 kampuni hiyo iliitisha zaidi ya magari 380,000 nchini China kwa sababu ya gia za DSG. Zilizosumbua zaidi ni zile za kasi saba zenye klachi kavu. Za kasi sita zenye klachi inayooga kwenye oili ni kitu kingine, ila zinataka oili ya gia ibadilishwe kila kilomita 60,000. Ukinunua Golf bila kujua ina gia gani kati ya hizo mbili, usilaumu Wajerumani.

Na Toyota? Fundi yeyote mkongwe akisikia neno D4 anatikisa kichwa. Hiyo ni ile enjini yao ya zamani inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na imewatoa watu wengi jasho. Mwaka wa 2009 na 2010 Toyota iliitisha mamilioni ya magari duniani, mengine kwa sababu ya pedali ya mafuta kukwama. Halafu kuna hii ninayoipenda: Toyota 86 iliyotoka 2012, gari lao la raha kabisa, lina enjini ya Subaru. Ni pacha wa Subaru BRZ. Sasa yule mjomba wa "nunua Toyota" atakushauri nini hapo?

Tuongee pia kuhusu jinsi magari haya yanavyotufikia. Sheria hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, na hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Hiyo ni sawa, lakini umri hauonyeshi maisha ya gari. Magari ya Japan hupitia mnadani, na pale hupewa karatasi yenye alama, michoro ya mikwaruzo na kilomita zilizosomwa siku hiyo. Gari la alama 4.5 na gari lenye R, yaani lililowahi kugongwa likatengenezwa, yanaweza kusimama bega kwa bega kwa yadi moja, yote yameoshwa yanang'aa.

Nilisindikiza beshte yangu kwa yadi moja hapa Nairobi kuangalia gari. Dashibodi ilisema kilomita 68,000. Tulipofungua mlango wa dereva tukaona stika ndogo ya Kijapani ya kubadilisha oili, ile wanayobandika mafundi wa huko kila wakifanya servisi. Maneno hatukuyaelewa, lakini nambari hazihitaji mkalimani. Ilisoma zaidi ya 110,000. Muuzaji alipoulizwa akasema hiyo stika "ni ya gari lingine". Tukaondoka. Gari lenyewe lilikuwa la aina ambayo kila mtu husema haiharibiki, na pengine kuna mtu aliyelinunua wiki hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Huo ndio ubaya wa kuamini nembo: unaacha kuangalia gari.

Halafu kuna magari tunayoyaua wenyewe. Redieta inahitaji kulanti, sisi tunaijaza maji ya mfereji, kutu inakula ndani kwa ndani, enjini inachemka, gasketi inaenda, halafu tunasema "hizi Subaru". Servisi ya kilomita 5,000 inasukumwa mpaka 9,000 kwa sababu mwezi ulikuwa mgumu. Belti ya taimingi ambayo hubadilishwa karibu na kilomita 100,000 inaachwa mpaka ikatike, na kwa enjini nyingi ikikatika inaenda na valvu. Taa ya enjini ikiwaka tunasema ni sensa tu. Probox huvumilia madharau hayo kwa muda mrefu kidogo. Gari lenye tabo halivumilii. Tofauti kubwa kati ya gari la uhakika na gari la raha mara nyingi iko hapo: moja linakusamehe, lingine linaweka kumbukumbu.

Ndio maana nasema jambo hili ni la akiba. Tuseme una Sh900,000. Ukinunua gari la Sh900,000, hata liwe la aina gani, umenunua shida. Tafuta la Sh750,000. Kwa ile Sh150,000 inayobaki, lipa bima, lipa fundi wako, si wa muuzaji, alikague kabla hujatoa hata ndururu, kisha lifanyie servisi kamili: oili, filta, plagi, kulanti, na belti kama haijulikani ilibadilishwa lini. Kinachosalia kiweke mahali ambapo mkono haufiki haraka. Baada ya hapo tenga kiasi kila mwezi. Hata Sh6,000 kwa mwezi ni Sh72,000 kwa mwaka. Mwenye pesa hizo akisikia mlio wa ajabu chini ya boneti anapiga simu kwa fundi. Asiye nazo anaongeza sauti ya redio.

Kama umeshindwa kutenga hiyo kila mwezi kabla ya kununua gari, hutaiweza baada ya kununua, kwa sababu gari linakula petroli na parking juu yake. Fanya jaribio hilo miezi sita ukiwa bado unapanda matatu. Ukifaulu, una haki ya kuchagua kwa moyo. Ukifeli, umejua ukweli bila kuulipia gasketi.

Sasa neno kwa wale wenzangu wa sifa. Kuna tofauti kati ya kupenda kuendesha na kupenda kuonekana. Mtu anachukua mkopo kwa kuweka logibuku rehani ili afunge eksozi inayolipuka kama bunduki Thika Road saa saba usiku, na tairi zake za nyuma zimeisha mpaka zinang'aa. Huyo hapendi gari. Anayependa gari huanza na tairi, breki na bushi, vitu ambavyo hakuna mtu atakayeviona Instagram. Anajua kwamba ndani ya mji mwisho ni kilomita 50 kwa saa na kwamba mama wa mboga anayevuka barabara hakuomba kuwa sehemu ya raha yake. Tumezika vijana wengi sana kwa ajili ya video ya sekunde kumi.

Pia kuna watu ambao nawaambia bila kupepesa: chukueni la uhakika. Kama gari ndilo kazi yako, unabeba abiria wa teksi au unapeleka mayai sokoni alfajiri, siku moja kwa fundi ni siku moja bila chakula. Kama ndilo gari pekee la kumpeleka mama kliniki, hapo hakuna mjadala wa kona za Tambach. Kama unakaa mahali ambapo fundi wa karibu anajua aina mbili tu za enjini, nunua mojawapo ya hizo mbili. Raha inaweza kungoja miaka mitatu. Haiozi.

Kwa wengine, kuna njia ya katikati ambayo watu huisahau katika hii vita ya Toyota na wengine wote. Gari dogo, jepesi, lisilo na tabo, ikiwezekana la gia za mkono. Mazda Demio, Suzuki Swift, Honda Fit. Magari ya kawaida kabisa, yanakula petroli kidogo, na ukiyaendesha vizuri yanacheza. Mazda wenyewe walithibitisha hilo na MX-5 iliyotoka 1989: enjini ndogo, uzito mdogo, na wameuza zaidi ya milioni moja. Raha ya kuendesha haikuwahi kuwa lazima iwe nguvu nyingi.

Na wenye mamlaka nao wana deni kwetu. Tunalipa ushuru mkubwa ajabu kwa magari haya, lakini mnunuzi wa kawaida hana njia rahisi ya kujua gari lilikuwa na kilomita ngapi lilipotoka Japan. Kumbukumbu zipo, zimeandikwa kabla gari halijapanda meli. Zitolewe. Mtu aingize nambari ya chesisi kwenye mfumo ule ule wa NTSA aone kilomita na alama ya mnada, na yadi ilazimishwe kubandika karatasi hiyo kwenye kioo pamoja na bei. Wauzaji waaminifu, nao wapo, hawatapoteza kitu. Mpaka hilo lifanyike, iulizie mwenyewe hiyo karatasi, na ukiambiwa imepotea, na wewe potea.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Sawa, lakini hawakusema ukae nyumbani. Kama una kazi, una akiba, una fundi unayemwamini na umeangalia enjini, gia na historia ya gari, hakuna sababu ya kuomba msamaha kwa kununua linalokufurahisha. Mjomba atanuna kidogo. Jumapili mbebe twende Kona Baridi, umpe usukani wakati wa kurudi, halafu umuulize tena kuhusu Toyota.